Jeraha limefunga, maumivu hayajaisha: mwongozo wa kuanzia kwa askari aliyejeruhiwa vitani

Maswali ni yaleyale kila mara. "Kidonda kimefunga zamani, mbona bado naumwa?" "Mguu wenyewe ulishakatwa, sasa kidole gumba kinawashaje?" "Daktari anasema picha haionyeshi kitu. Anadhani najifanya?" "Nikianza mazoezi naumia zaidi, niache?" Na lile linaloulizwa mwisho kabisa, mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango: "Hivi ni kawaida kuwafokea watoto kwa jambo dogo namna hii?"

Nimeamua kuyajibu mahali pamoja. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa majeruhi, na mwongozo huu ni wa askari ambaye upasuaji na matibabu makubwa yamekwisha, yuko nyumbani, lakini maumivu yamegoma kuondoka. Mke, mume au ndugu anayeishi naye ausome pia. Hauchukui nafasi ya daktari. Utakusaidia ufike kwake ukiwa na la kumwambia, na ujue la kufanya siku ambazo humwoni.

Jambo moja niliseme mapema, kwa sababu linawasumbua askari kuliko raia. Ulifundishwa kuvumilia. Mafunzo hayo yalikuvusha kule, na hapa nyumbani ndiyo yanayokulaza kitandani siku 3 kila wiki. Hatua ya 3 inahusu hilo. Wengi huiruka wakidhani ni ya wazee. Usiiruke.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, ila daftari halina meseji za kukuvuruga.
- Saa yenye kengele. Ya kwenye simu inatosha.
- Makaratasi ya hospitali: ripoti za upasuaji, picha za eksirei, maelezo ya jeraha la kichwa kama lilikuwepo.
- Dawa zako zote mezani: ulizoandikiwa, ulizonunua mwenyewe, za mitishamba. Pombe nayo iandike, kwa kiasi cha kweli.
- Mtu mmoja unayemwamini, atakayesoma daftari lako mara moja kwa wiki. Askari mwenzako anafaa sana, mradi asiwe yule mnayekunywa naye.
- Wiki 8. Ukipima mafanikio siku ya nne utaacha.

Kama una vipande vya bomu au risasi vilivyobaki mwilini, andika ukurasa wa kwanza wa daftari viko wapi. Ukiagizwa kipimo cha MRI, mwambie mhudumu kabla hujaingia chumbani, hata kama hakukuuliza. Mashine ile ni sumaku kubwa, na baadhi ya vyuma huweza kusogea au kupata moto ndani ya mwili.

Usianze mwongozo huu, nenda hospitali leo, ukiwa na:

- homa pamoja na kovu au kigutu kilichovimba, chekundu, chenye joto au kinachotoa usaha;
- udhaifu mpya wa miguu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo au choo;
- mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafla, maumivu ya kifua, au kupumua kwa shida;
- kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu, pamoja na kutapika au kuchanganyikiwa.

Aliyeumia uti wa mgongo, hasa kuanzia kifuani kwenda juu, aongeze moja: kichwa kugonga kwa nguvu huku uso ukitoka jasho. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja. Kaa wima, legeza nguo, kagua mpira, na uitishe msaada mara moja, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kupanda kiasi cha kuua.

Nadharia, kidogo tu

Maumivu huitwa sugu yakidumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Kufikia hapo nyama na mfupa mara nyingi vimeshaunga, lakini mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vimezoea kutoa taarifa ya hatari. Mwili bado uko lindoni ingawa kambi ilishavunjwa. Maumivu hayo ni ya kweli. Eksirei hupiga picha ya mfupa, haijawahi kupiga picha ya maumivu, kwa hiyo picha safi haimaanishi unajifanya.

Mambo haya yalionekana mapema kwa askari. Mwaka 1944 daktari Henry Beecher wa jeshi la Marekani, akihudumia majeruhi wa Anzio nchini Italia, aliona kwamba wengi wenye majeraha makubwa hawakuomba mofini, dawa kali ya maumivu. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwa mtu aliyetolewa kwenye mapigano akiwa hai, jeraha lilimaanisha vita vimekwisha kwake. Upande wa pili nao upo: jeraha lililofungamana na woga, hasira au kifo cha mwenzako huweza kuuma kupita ukubwa wake.

Ndiyo maana maumivu na moyo havitibiwi kwa zamu. Utafiti mmoja wa mwaka 2009 uliangalia maveterani 340 wa Marekani waliopigana Iraki na Afghanistan, wote wakitibiwa kwenye kliniki ya majeraha mengi. Asilimia 42 walikuwa na mambo 3 kwa pamoja: maumivu sugu, msongo wa baada ya kiwewe (woga na kushtuka vinavyobaki baada ya tukio la kutisha), na dalili za mtikisiko wa ubongo zisizoisha. Hao ni wagonjwa wa kliniki maalumu, usizichukue namba hizo kuwa za kila aliyerudi vitani. Lakini kama yote matatu yamekukuta, huna bahati mbaya ya peke yako.

Nadharia imetosha.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki moja bila kubadilisha chochote

Asubuhi na jioni, andika maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Jioni ongeza namba nyingine 4, kwa kipimo hichohicho: maumivu yameingilia shughuli zako kiasi gani, usingizi kiasi gani, hisia zako kiasi gani, na yamekuongezea msongo kiasi gani. Jeshi la Marekani na idara yake ya maveterani hutumia kipimo cha namna hii, na sababu yake ni nzuri. Namba ya maumivu peke yake haisemi mengi. Kuna 6 ya mtu aliyelala vizuri na kucheza na watoto, na kuna 6 ya mtu aliyejifungia chumbani siku nzima.

Andika pia kilichotangulia maumivu yalipopanda. Kazi gani? Kelele? Ugomvi? Habari za vita kwenye televisheni? Tarehe? Tarehe husahaulika sana. Wapo ambao kila mwaka, wiki ile waliyojeruhiwa, mwili unaharibika, na wao wanalaumu hali ya hewa.

*Kosa la kawaida:* kuandika kila saa. Ukifanya hivyo unayalinda maumivu, nawe utayaona kila unapoangalia. Mara 2 kwa siku zinatosha.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja unalotaka kuweza kulifanya

"Nataka maumivu yaishe" siyo lengo la kazi, kwa sababu huwezi kulipangia ratiba. "Nataka kumsindikiza binti yangu shule kwa miguu" ni lengo. "Nataka kukaa kwenye ibada mpaka mwisho" ni lengo. Chagua moja, liandike, endelea.

Hatua ya 3: Simamishwa na saa, usisimamishwe na maumivu

Hapa nitakaa kidogo.

Siku nzuri inafika, na askari anaamua kufidia. Anafyeka uwanja mzima, anahamisha makabati, anatembea mpaka giza linaingia. Siku zinazofuata hawezi kuinuka. Akipata nafuu ana kazi nyingi zaidi za kufidia, basi anarudia. Kila mzunguko unamwachia misuli dhaifu kidogo na woga zaidi wa kujongea, na mwisho anajikuta anaweza nusu ya alichokuwa anaweza. Mwenyewe anauita uvumilivu. Ukimwambia apumzike, anasikia umemwambia amekwisha.

Njia ya kutoka ni kuacha kazi kabla maumivu hayajakuamuru uache. Inafanywa kwa hesabu:

a) Chukua shughuli moja, tuseme kutembea. Kwa siku 3 tofauti, pima dakika unazotembea mpaka maumivu *yaanze kupanda*. Yaanze tu, usingoje yakushinde.

b) Tuseme umepata 12, 7 na 11. Jumla ni 30, wastani ni 10.

c) Ondoa moja ya tano. Unabaki na dakika 8. Hicho ndicho kiwango chako cha kuanzia.

d) Tembea dakika 8 kila siku. Siku nzuri, dakika 8. Siku mbaya, dakika 8, hata ukizigawa mara mbili. Kengele ikilia unasimama, hata kama unajiona ungeweza kufika mpakani.

e) Wiki ikipita salama, ongeza dakika 1. Wiki ijayo nyingine.

Maumivu kupanda kidogo baada ya zoezi na kurudi chini ndani ya saa 24 ni jambo la kutarajia. Msuli uliolala muda mrefu unaamka ukilalamika. Yakibaki juu zaidi ya hapo, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita. Usirudi sifuri.

Hesabu hiihii inafaa kwa kukaa kwenye kiti, kusimama jikoni na kuvaa mguu bandia. Aliyetikiswa ubongo na mlipuko aitumie hata kwa kusoma, kutazama simu na kukaa penye watu wengi.

*Kosa la kawaida:* kuitii kengele siku mbaya na kuipuuza siku nzuri. Kwa askari, siku nzuri ndiyo ya hatari. Mwambie yule mtu wako wa daftari akuulize hasa kuhusu siku nzuri.

Hatua ya 4: Kama umekatwa kiungo

Kwanza tofautisha vitu 3, kwa sababu tiba zake si moja.

*Hisia za kiungo kisichokuwepo*: unahisi mguu upo, umejikunja, unawasha, lakini hauumi. Karibu kila aliyekatwa huzipata. Hazina madhara.

*Maumivu ya kiungo kisichokuwepo*: vidole visivyokuwepo vinaungua, vinapigwa shoti, vinabanwa. Daktari Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliandika kuhusu viungo hivi vya kivuli mwaka 1871, kwa hiyo hakuna daktari wa leo anayepaswa kukushangaa. Ubongo bado una ramani ya mguu, na unatuma amri zisizojibiwa.

*Maumivu ya kigutu chenyewe*: hapa kuna kitu cha kukagua. Mguu bandia haukai sawa? Kigutu husinyaa miezi ya mwanzo, na kikombe cha mguu bandia, pale kigutu kinapoingia, kilichokubana vizuri mwanzoni huanza kucheza na kuchubua. Kuna sehemu moja ambayo ukiigonga kwa kidole inapiga shoti? Huenda ncha ya mshipa wa fahamu imeota kifundo. Mwonyeshe daktari sehemu hiyohiyo, zipo sindano na upasuaji wa kushughulikia hilo. Wakati mwingine mfupa huota ndani ya nyama iliyopigwa na mlipuko, na huo huonekana kwenye eksirei.

Kwa maumivu ya mguu usiokuwepo, jaribu kioo:

a) Kaa chini au kitandani, simamisha kioo kirefu katikati ya miguu, upande unaoakisi ukitazama mguu mzima. Kigutu kiwe nyuma ya kioo, usikione.

b) Tazama kwenye kioo mpaka ile taswira ionekane kama mguu uliokatwa.

c) Chezesha mguu mzima polepole: kunja kifundo, nyoosha vidole. Wakati huohuo jaribu kuuchezesha ule usiokuwepo vilevile.

d) Dakika 15 kila siku, kwa wiki 4.

Kipimo hicho cha dakika 15 na wiki 4 ndicho kilichotumika kwa majeruhi waliokatwa miguu katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed nchini Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, na wote wa kundi la kioo walipata nafuu. Lilikuwa kundi dogo, na kioo hakimsaidii kila mtu. Lakini bei yake ni ya kioo, na hakina sumu.

*Angalizo:* mara ya kwanza wengine hulia. Kuuona mguu "umerudi" ni jambo zito. Usifanye peke yako siku hiyo. Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, anza na dakika 3 au 5. Aliyepoteza miguu yote miwili kioo hakimfai kwa namna hii. Afumbe macho na kuviendesha viungo akilini, polepole, kwa muda uleule.

Mbali na kioo, kigutu kizoeze kuguswa: kitambaa laini dakika chache, baada ya siku kadhaa taulo, kisha kitu kikwaruzi zaidi, na kukipapasa kwa kukibonyeza. Ngozi yenye kidonda wazi isiguswe.

Hatua ya 5: Rudisha usingizi

Usiku mmoja mbovu huongeza maumivu ya kesho, na maumivu ya kesho huharibu usiku unaofuata. Pa kuukata mzunguko huo ni saa ya kuamka. Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote 7, hata kama ulilala alfajiri. Usijilazimishe saa ya kulala. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, toka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Mlango na madirisha vikague mara moja tu, kwa mpangilio uleule, kisha umemaliza. Mara ya pili haikuongezei usalama, inaufundisha mwili kuwa kuna adui.

Ukikoroma sana na kuamka umechoka, au mwenzako akiona pumzi inakatika, mwambie daktari, hasa kama unatumia dawa kali za maumivu. Jinamizi linalorudi kila usiku lina matibabu, litaje kwa jina lake.

Hatua ya 6: Panga dawa zako

Hapa usibadilishe chochote mwenyewe. Kazi yako ni kupeleka orodha kamili. Yafuatayo ndiyo ninayoyaona yakienda kombo mara nyingi.

Parasetamoli: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayekunywa pombe sana au mwenye ini bovu aulize kiwango cha chini zaidi. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani.

Ibuprofeni na diklofenaki kwa miezi mfululizo huchimba tumbo na kuumiza figo.

Mofini, kodeini, tramadoli na jamii yake: kwa maumivu sugu nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda, madhara yakibaki. Usizichanganye na pombe wala na diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi), maana zikishirikiana huzima pumzi. Usizikatishe ghafla pia, daktari azishushe taratibu. Aliyewahi kupata jeraha la kichwa au degedege aulize hasa kuhusu tramadoli, kwa kuwa inaweza kuleta degedege.

Maumivu ya kuungua, kuchoma na shoti hayasikii sana dawa za kawaida. Yana dawa zake, kama amitriptilini, duloksetini na gabapentini. Wengi wakisoma kwamba mbili za kwanza ni dawa za sonona huzitupa wakiamini daktari amewaona wendawazimu. Hapana. Hutuliza mishipa ya fahamu, na zinahitaji wiki kadhaa kabla hujazihukumu.

Kichwa kinachouma tangu mlipuko: ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokiumiza. Hesabu siku hizo kwenye daftari.

Na swali ambalo haliulizwi. Dawa za jamii ya mofini na nyingi za sonona hupunguza hamu na nguvu za tendo la ndoa. Si uanaume ulioisha wala mapenzi. Mwambie daktari, mara nyingi kuna la kubadilisha.

Hatua ya 7: Tibu na moyo, sambamba

Usingoje maumivu yapungue ndipo ushughulikie hasira, kushtuka, huzuni au kuganda hisia. Vinakwenda pamoja. Mwili ulioshtuka hukaza misuli, na misuli iliyokaza huuma.

Kwa kila siku: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, dakika 5, mara 2. Wapo ambao wakifumba macho wanazidi kuogopa. Basi acha macho wazi na mgongo uegemee ukuta, inafanya kazi vilevile. Ukishtuliwa na mlio, taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona ulipo, kisha tarehe ya leo.

Kwa matibabu yenyewe, tafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili anayejua kiwewe. Zipo tiba za mazungumzo zenye mpangilio. Moja ni ya kulirudia tukio hatua kwa hatua mbele ya mtaalamu mpaka lipungue makali, kwa kawaida vikao 8 hadi 15. Nyingine, ya vikao kama 12, hukagua mambo uliyoanza kuyaamini tangu siku ile: "Mimi ndiye niliyesababisha", "Hakuna wa kuaminika". Si kukaa tu na kusimulia. Muulize mtaalamu anatumia njia gani. Diazepamu na ndugu zake si tiba ya kiwewe, na mwongozo wa kitabibu wa maveterani wa Marekani wa mwaka 2023 unashauri zisitumike kwa kazi hiyo.

Mengine hayaitwi ugonjwa. Wapo walioniambia kwamba kilichowauma kuliko mguu ni kuacha kuitwa kwa cheo. Jana afande, leo mtu wa kubebewa begi. Huo ni msiba, na msiba hauponywi kwa kidonge. Kuna pia jeraha la dhamiri: ulichofanya, au ulichoshindwa kuzuia. Hilo wengi hulitoa kwanza kwa kiongozi wa dini au kwa aliyekuwa nao kikosini, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukianza kufikiria kufa, au kuona familia ingepumzika bila wewe, mwambie mtu leo hii, kwa maneno ya wazi, na ufike hospitali. Usibaki peke yako. Silaha itoke nyumbani, na dawa nyingi akae nazo mwingine. Wimbi la mawazo hayo mara nyingi hupita, na linalookoa ni kutokuwa na kitu karibu linapokuwa juu.

Hatua ya 8: Wape wa nyumbani maneno mafupi

Usipowaambia, watajaza wenyewe. Mwenzako akiona umenuna ataamini umemchukia. Mkubaliane sentensi moja: "Leo ni 7. Sitaki kuongea, ila sijakukasirikia wewe." Watoto nao waambiwe kwamba baba au mama anaumwa, si wao waliokosea.

Nawe unayemuuguza: kumuuliza "unaumwa?" kila baada ya muda kunamrudisha kwenye maumivu. Muulize kengele ilikuwa ya dakika ngapi leo. Na usimnyang'anye kazi zote kwa huruma.

Hatua ya 9: Andika mpango wa siku mbaya ukiwa mzima

Siku mbaya zitakuja hata ukifuata yote. Ukurasa mmoja unatosha: kiwango kilekile cha kutembea, ukikigawa mara mbili, badala ya sifuri, dawa zilezile bila kuongeza, pumzi mara 4, nani wa kupigiwa simu, kazi gani zisubiri. Ubandike unapoonekana. Siku yenyewe hutakuwa na akili ya kupanga.

Ikikwama

*Nimefika wiki ya 3, namba ya maumivu haijashuka.* Tazama zile namba 4 nyingine. Usingizi na shughuli kwa kawaida hubadilika kwanza. Kama hakuna hata moja iliyosogea kufikia wiki ya 8, peleka daftari kwa daktari na uombe mpango mpya.

*Kila nikiongeza dakika naharibikiwa.* Kiwango cha kuanzia kilikuwa cha juu, pengine ulipima siku nzuri zote 3. Pima upya, siku mbaya mojawapo ikiwemo.

*Naogopa zoezi litarudisha jeraha.* Muulize daktari swali hili moja: "Je, mfupa na kovu vimeunga kiasi cha kubeba uzito?" Akisema ndiyo, kuuma hakumaanishi unaharibika. Akisema bado, mwongozo huu usubiri.

*Tiba ya mazungumzo imenizidishia jinamizi.* Vikao vya mwanzo mara nyingi huwa hivyo. Mwambie mtaalamu, usikimbie kimyakimya. Ikiwa unashindwa kula, kulala au kujizuia na pombe, mwendo upunguzwe.

*Pombe ndiyo inayonilaza.* Inakulaza mapema na kukuamsha usiku wa manane. Lakini kama unakunywa kila siku kwa wingi usiache ghafla peke yako, kwa sababu kutetemeka na degedege vya kuacha pombe vinaweza kuua. Acha chini ya uangalizi wa daktari.

*Daktari hanisikilizi.* Usianze na historia ya vita. Fungua daftari, onyesha wiki 2 za namba, taja lengo lako la hatua ya 2, na uulize: "Ni kitu gani tunachoweza kubadilisha ili nifike hapa?" Akikujibu "vumilia", omba rufaa kwa daktari mwingine.

*Nilikuwa naendelea vizuri, ghafla yamerudi yote.* Fungua daftari urudi nyuma siku 10. Mara nyingi utakuta siku nzuri ambayo kengele ililia na hukusimama, usiku 2 au 3 mbovu, au ile tarehe. Kama hukuti chochote, na maumivu ni ya aina mpya au mahali papya, rudi kwenye ile orodha ya kwenda hospitali.